Mlinzi wa Lango la Ziwa

Nyumbani kwetu hatukutwanga. Mji mzima wa Baraka ulikula sombe, na sombe haiwi sombe mpaka majani ya mihogo yapigwe kwenye kinu, lakini kwetu mchi ulilazwa nyuma ya jiko na mama akakataza mtu kuugusa. Mimi ndiye niliyebeba majani kichwani kila alasiri kwenda kuyatwanga kwa mjane jirani yetu, hatua arobaini kutoka mlangoni, na nilipoulizwa sababu nilisema kinu chetu kimepasuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita na uongo nilikwisha kuuzoea.

Sababu ya kweli ilikuwa kaka yangu. Alichukuliwa njiani akitoka shuleni Fizi, kule juu milimani, na waliomchukua walimpa bunduki. Tulimlilia mwaka mzima na zaidi. Kisha asubuhi moja ya mvua akatokea mlango wa nyuma, miguu imevimba, bunduki hana, na mama akamwingiza katika chumba cha kuwekea mahindi. Tangu siku hiyo hakutoka. Askari waliokuwa mjini wakimpata wangesema ni mtu wa mlimani. Watu wa mlimani wakimpata wangesema amewatoroka. Barabara ya kwenda Uvira ilikuwa imefungwa na mitumbwi imekatazwa kuvuka ziwa, kwa hiyo hata sisi tuliokuwa nje hatukuwa na pa kwenda, ila angalau tuliliona jua. Majirani waliambiwa yuko Kigoma kwa mjomba, anasoma.

Mara ya kwanza mama alipotwanga baada ya yeye kurudi, pigo la tatu tu, tulisikia kitu kikianguka chumbani. Nilikwenda kuchungulia nikamkuta chini ya kitanda, macho wazi, suruali imelowa. Kijana wa miaka ishirini. Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, labda ni hofu. Aliniona nikicheka, na aibu ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Kitandani hakulala. Alikaa ameegemea ukuta akiutazama mlango. Alikula amesimama. Alinawa mikono mpaka kipande cha sabuni kikaisha, na sabuni siku zile haikupatikana ovyo. Mama alisema ni malaria. Mchungaji, mtu pekee wa nje aliyejua, aliomba juu yake kwa sauti ya chini akasema ni roho chafu. Mimi nilisema moyoni kwamba wote wawili hawajui kitu, lakini hata mimi sikuwa na jina la ugonjwa ule. Nilijua neno moja tu, wazimu, na hilo nilikataa kulitamka.

Kwa mjane tulikutana wasichana wanne au watano, shule zimefungwa, hatuna la kufanya ila kutwanga na kusengenya, na hata wa kuwasengenya walikuwa wamekimbia. Hapo ndipo nilipoanza kuwasomea hadithi yangu. Niliiandika kwenye kurasa za nyuma za kaye ya biolojia, daftari ambalo mwalimu wake alikuwa amevuka ziwa na hangerudi kulisahihisha.

Chini ya Tanganyika, niliandika, kuna ufalme ambamo hakuna anayelala. Mfalme wake akitaka kitu cha nchi kavu huwatuma askari wake wapande, na lango wanalopitia linalindwa na kijana aliyevutwa kutoka ufukweni akioga. Amepewa ufunguo. Ameambiwa siku akikataa kufungua, maji yataingia nyumbani kwa mama yake. Mgongoni ameota magamba. Hawezi kula ameketi, na huko huko ndani ya maji ananawa mikono mchana kutwa. Nilidhani nimemficha kaka yangu vizuri kwa sababu nilimpa magamba.

Wenzangu walimpenda mlinzi yule kupita kiasi. Mmoja alitaka kuolewa naye, magamba na vyote. Vitabu vichache vya maktaba ya shule tulivyokuwa tumevisoma vilikuwa na watu wabaya waliokuwa wabaya tangu ukurasa wa kwanza na watu wema waliochana nywele, na huyu wetu hakuingia upande wowote. Walibishana juu yake mpaka michi ikasimama na mjane akatufokea kwamba sombe haitajitwanga. Mwanzo nilikuwa nawasomea, baadaye tukawa tunaamua pamoja: walilolipenda nililiacha, walilolikataa nililifuta.

Asiyebishana alikuwa binti mmoja, mpwa wa mjane. Tulimwita binti wa Makobola kwa sababu alitokea upande ule kwa miguu, na kitenge kimoja, baada ya baba yake na mama yake kuuawa. Alikuwa wa umri wangu. Alitwanga bila kupumzika. Siku moja, akichekecha unga, alisema wenye bunduki wanaotoka mbali hawajui njia za mashambani, siku zote kuna mutu anabaonyesha. Alisema hivyo tu akaendelea na unga wake, na sisi tukabadilisha mazungumzo.

Sura iliyofuata ilinipa sifa nyingi. Mfalme anaamuru lango lifunguliwe ili askari wakachukue kijiji kizima, na mlinzi anaumeza ufunguo. Anakataa. Wasichana walipiga makofi, na mimi nikarudi nyumbani kichwa juu, nikaificha kaye mahali pake, chini ya gunia la mahindi chumbani kwa kaka. Sikuwaza kwamba mtu aliyefungiwa na gunia mwezi baada ya mwezi atalijua gunia hilo kuliko mimi.

Siku hizi ninaandika vitabu vya vijana, vyenye falme na wachawi na milango inayosema, na mhariri mmoja aliwahi kuniandikia pembeni mwa muswada: huyu ni mwema au mbaya, msomaji wa miaka kumi na minne atachanganyikiwa. Nilikasirika siku tatu. Nilitaka kumjibu kwamba mimi nilimpelekea mtu wa namna hiyo chakula kila siku, sahani ya bati, na nilichanganyikiwa, na bado nilikula nikashiba. Badala yake nilimwongezea mhusika tendo moja la huruma ukurasa wa tano, nikajichukia kidogo.

Siku moja ya wakati ule nilirudi kutoka kufua ziwani, saa za adhuhuri, nikamkuta kaka ameishika kaye yangu. Ameketi. Sikuwa nimemwona ameketi vile, kama mtu anayesubiri mgeni.

"Huyu mulinzi njo mimi," akasema.

Nikasema hapana, si yeye, ni hadithi tu ya kupitishia siku. Alifunua ukurasa wa lile lango, akaweka kidole chake kilichochubuka kwa sabuni juu ya mstari.

"Umemufanya muzuri sana, mudogo wangu. Mi sikukatala. Mi nilifungula."

Kisha akanieleza, si kwa urefu. Alikuwa akiijua njia fulani ya nyuma ya mashamba ya mihogo kwa sababu aliwahi kupita huko akienda kwa rafiki wa shule. Waliomchukua waliuliza nani anaijua. Akainua mkono. Hakuna aliyemwelekezea bunduki wakati ule, akasema, na hilo ndilo nililopaswa kuandika: aliinua mkono wake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka kuwa mtu asiyefaa kitu mbele yao. Sikumwuliza ni njia ya kijiji gani. Mpaka leo sijamwuliza.

"Sasa umumalize," akasema. "Akufe."

Juzi yake alikuwa ameniuliza kama kule penye mawe, nyuma ya makaburi, maji bado ni marefu. Kaka yangu hakujua kuogelea. Nilikuwa nimejibu ndiyo bila kufikiri, na sasa nilipomtazama usoni nikaelewa swali lile na ombi hili kwa pamoja. Sikuweza kumwambia mama, kwa sababu mama angelia kwa sauti, na sauti ingevuka ukuta. Sikuweza kumfungia mlango, ulikuwa umefungwa tayari. Nikashika kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni. Nikasema si mimi ninayeamua nani afe katika hadithi ile, wanaamua wasichana.

Aliwaza. Akasema, basi uwaulize. "Lakini ubaambie kweli. Ubaambie alifungula. Kisha kesho unilete jibu."

Ndivyo nilivyotoka siku ya pili na majani yangu kichwani na uhai wa kaka yangu ndani ya kaye ya biolojia. Sikuwahi kuzichukia hatua zile arobaini kama siku ile. Nilipofika niliwaambia nimekosea sura iliyopita, nikasoma mpya niliyokuwa nimeandika asubuhi. Hakuumeza ufunguo. Mfalme aliuliza nani atafungua, na mlinzi akainua mkono. Askari wakapita, kijiji kikaisha.

Yule aliyetaka kuolewa naye alinikasirikia mimi, si mlinzi. Alisema nimemharibia mtu wake. Mwingine akasema alilazimishwa, angekataa wangemuua. Mwingine akajibu kwamba hata walioko kijijini hawakupenda kuuawa. Nikawakatiza, nikawauliza: afe au asife? Wawili wakasema aachwe. Mmoja akasema hajui. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikataka kufunga daftari hapo hapo na kukimbia.

Binti wa Makobola akaacha kutwanga.

"Alijua kule iko batu?" akauliza.

Nikasema alijua kuna watu.

"Akufe," akasema. "Na asikufe mbio." Akanitazama moja kwa moja, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu kama kaka. "Akiisha kufa uniambie, dada. Mi silalake tena. Pengine nitalala."

Sombe yangu ya siku ile ilikuwa nusu majani. Nilirudi polepole. Mlangoni kwetu nilisimama nikipanga maneno, na sikupata njia yoyote ya kumpelekea lile jibu mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya ubao wa mlango akilingoja. Nilipoingia aliniuliza kwa macho.

"Wamesema asife," nikamwambia.

"Banani?"

"Binti wa Makobola ndiye aliyesema."

Ningeweza kumtaja yeyote kati ya wale wawili, na ingekuwa kweli. Lakini nilijua hangewasadiki. Walikuwa na baba na mama. Alijua habari za binti yule, nilikuwa nimemsimulia mwenyewe nikimpelekea chakula.

"Alisema na kinywa yake?"

"Na kinywa chake."

Akateleza ukutani mpaka chini na akalia. Alilia mpaka mama akaja akamfunika mdomo kwa kitenge kwa sababu ya majirani. Jioni alikula ameketi. Hakuniuliza tena habari za mawe. Nilifurahi, nisidanganye, nilifurahi kama mwizi aliyevuka mto, na nilipofurahi zaidi ndipo nilipoanza kuogopa.

Maana sasa nilikuwa nimefungwa pia. Sikurudi tena kwa mjane. Tulikula mihogo ya kuchemsha, na mama alipolalamika nilisema mkono unaniuma. Binti wa Makobola alikuja mara tatu kwenye ua wa matete, akiita kwa upole, dada, ule mulinzi? Mara zote tatu nilijibanza jikoni, na kaka chumbani akisikiliza sauti ile akasema, ni yeye, mufungulie, nimupe aksanti hata kwa ukuta. Nikamwambia kaka kwamba binti akimjua, yeye kaka ndiye atakayekuwa hatarini. Hilo angalau lilikuwa kweli. Kisha mapigano yakafika mjini, tukakimbia kila mtu upande wake, na nikasikia yeye na mjane wameelekea Nundu.

Vita vilipopoa kaka alianza kutoka, kwanza mpaka uani, baadaye mpaka shambani. Hakupona kama watu wanavyopona malaria. Wiki fulani ni nzuri, wiki fulani anarudi ukutani, na hatutwangi mpaka sasa. Lakini yu hai, na akiulizwa na daktari wa kituo cha afya ni nini kilichomsaidia, humjibu kwamba kuna mtoto wa watu aliyepoteza watu wake wote na akamwachilia. Mara nyingi amenitaka tumtafute. Nimemwambia alivuka kwenda Tanzania na hakuna anayejua kambi gani.

Miaka baadaye nilimkuta binti yule sokoni Baraka, siku ya kawaida kabisa, mtoto mgongoni. Alinitambua kabla yangu. Tulishikana mikono, tukaulizana nani yupo na nani hayupo. Nilikuwa tayari kuaga.

"Ule mulinzi," akasema. "Haukutuambiaka."

Alikuwa na weusi chini ya macho, na alicheka kidogo kwa haya, mwanamke mzima anayeuliza hadithi ya watoto. Lakini mkono wangu hakuuachia.

"Alikufa," nikamwambia.

"Mbio?"

"Hapana. Ilichukua siku nyingi."

Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho hapo hapo kati ya watu na mafungu ya samaki. Akasema, "Aksanti, dada," akamweka mtoto sawa mgongoni, akaenda.

Kaka alikuwa ananisubiri kwenye kona na baiskeli ili tubebe unga. Alikuwa ametuona.

"Ule mama ni nani?" akauliza.

"Mtu wa Nundu tu," nikamwambia, na akalifunga gunia kwenye baiskeli.