Makasha Kumi ya Vipuri

Jeshini hawakumpenda, naye hakujisumbua kupendwa. Walimwita Ratili, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mahaba. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza wa kupakia ndege, pale alipomwamuru kanali mmoja mnene, mbele ya askari wake, apande kwenye mizani na buti zake na mkoba wake. Kanali alipanda, akashuka, na tangu siku hiyo vyeo vikawa vinampita Ratili mlangoni bila kubisha hodi. Wenzake walioanza naye wakawa maofisa. Yeye akabaki sajini, mistari yake mitatu ya begani imepauka kwa jua.

Ndege aliyoipakia ilikuwa kubwa, ya mapangaboi manne, na mlango wake wa nyuma ulishuka mpaka chini kama ulimi wa ng'ombe. Ilibeba kila kitu: askari waendao likizo na familia zao, magunia ya maharage, matairi, barua, wagonjwa, na siku nyingine jeneza. Ratili ndiye aliyeamua nani akae wapi na kipi kifungwe wapi. Uzito ukilemea nyuma, ndege huinua pua na kugoma kutii; ukizidi kiasi, njia ya kurukia inaisha nayo bado iko chini. Alipima, akapiga hesabu kwa penseli, akakaza minyororo, kisha akatia sahihi. Bila sahihi hiyo rubani hagusi hata swichi. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyokuwa nayo duniani, maana nyumbani hakuwa nayo.

Nyumbani palikuwa na mume, fundi cherehani, mtu mpole hadi upole wake unakera. Na palikuwa na mama mkwe. Mama huyo hakuwahi kumsamehe mwanawe kwa kuoa askari. "Mwanamke anashinda angani kama mwewe," alikuwa akiwaambia majirani, akihakikisha dirisha liko wazi. "Siku akishuka, anashukia vifaranga vya watu." Moyo wake wote ulikuwa kwa mwanawe mkubwa, shemeji yake Ratili, koplo mtunza bohari katika kambi moja ya milimani. Huyo ndiye aliyempaulia mama yake nyumba, naye mama alimtaja kama watu wanavyotaja mvua njema.

Kambi hiyo ya milimani haikuwa na barabara ya kuaminika. Mvua zilikuwa zimelibeba daraja, na watu wake waliishi kwa ndege moja ya kila wiki. Njia ya kurukia ilikuwa ya changarawe, fupi, mwisho wake korongo. Mkuu wa kambi alikuwa meja mwenye tabasamu la meno yote, ambaye alikuwa na nyumba anayoijenga mjini, na kila mtu kambini alijua nyumba hiyo imefika wapi kuliko walivyojua zamu zao.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali kuanzia saa tatu. Ratili alishuka na daftari lake, akapiga hesabu ya joto na urefu wa njia: ndege ingeondoka na kilo elfu mbili, basi. Abiria walikuwa wamekaa kwenye mabegi yao pembeni, mama mkwe wake miongoni mwao. Alikuwa amemaliza mwezi kwa mwanawe na sasa anarudi. Ratili alimpigia magoti nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, macho kwenye kibegi chake. "Leo utanipima na mimi?"

"Nitawapima wote, mama."

"Kama mbuzi."

Walipocheka abiria wengine, Ratili aliondoka akaenda kwenye mizigo. Hapo ndipo alipokuta orodha imebadilishwa. Dereva wa lori aliyevunjika paja, ambaye wiki nzima simu ya upepo ilikuwa ikimtangaza kuwa abiria wa kwanza, alikuwa amekatwa kwa mstari. Machela yake ilikuwa chini ya kivuli cha bawa, na tabibu wa kambi amesimama kando yake akimpepea nzi. Mahali pake yaliandikwa makasha kumi ya vipuri vibovu, kilo arobaini kila moja.

"Huyu mbona amekatwa?" Ratili aliuliza.

"Amri ya mkuu," tabibu alisema kwa sauti ya chini. "Machela inakula nafasi. Atasubiri wiki ijayo. Mimi nimesema mguu unanuka. Nimesema mara mbili."

Ratili aligeuka kuyatazama makasha. Askari wanne walikuwa wanalipandisha moja kwenye ulimi wa ndege, shingo zimewatoka mishipa, mmoja anauma mdomo. Kilo arobaini haibebwi na wanaume wanne. Kilo arobaini mtu mmoja huitupa begani akapiga mluzi.

"Wekeni chini," alisema. "Lipandisheni kwenye mizani yangu."

Mshale wa mizani ndogo ulikimbia mpaka mwisho, kilo mia na ishirini, ukagonga ukabaki hapo unatetemeka.

Meja alikuja kwa mwendo wa mtu anayetembelea shamba lake. Tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu.

"Sajini, kuna tatizo?"

"Afande, makasha yameandikwa uzito wa uongo."

"Mizani yako mbovu."

"Imepima kila mtu asubuhi hii, afande. Nami imenipima."

"Basi andika tulichoandika, utie sahihi, uondoke. Hii ndege siyo ya baba yako."

"Wala siyo ya baba yako, afande."

Maneno hayo yalisikika hadi kwa abiria. Rubani, kapteni kijana ambaye hapendi ugomvi, alitoa kichwa dirishani, akakirudisha. Meja alisogea hadi pumzi yake ikamfikia Ratili usoni.

"Nakujua wewe. Mwanamke asiyeweza kupanda cheo hujipandisha kwa kelele. Nyumbani kwako wanakuvumilia, na hapa tunakuvumilia. Mama mkwe wako amekaa hapa kambini kwangu mwezi mzima. Unafikiri hasemi?"

Damu ilimpanda Ratili hadi masikioni. Akageuka kuyatazama makasha, na hapo ndipo alipouona mwandiko ulio juu yake. Herufi zilizolalia upande mmoja, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa kama ndoano. Mwandiko huo aliusoma kila mwisho wa mwaka kwenye barua za familia. Ulikuwa wa shemeji yake, na shemeji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa bohari, hatua thelathini hivi, anamtazama bila kupepesa.

Angeweza kusema neno moja tu: shusheni. Makasha yangeshushwa, machela ingepandishwa, ndege ingeruka, na lililo ndani lingebaki ndani. Sheria ya upakiaji ilimtaka akatae mzigo asioujua, haikumlazimisha kuufungua. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Leteni mtaimbo," alisema.

"Usithubutu!" Meja alifoka.

"Siweki sahihi mpaka nione."

Walikaa juani saa mbili. Meja alipiga simu ya upepo huku na huko, lakini makao makuu walimwuliza rubani, rubani akasema hawezi kuruka bila sahihi, na mwisho amri ikaja kwamba mzigo ukaguliwe. Saa mbili hizo abiria walimtukana Ratili kwa zamu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia ana roho ya chatu. Mama mkwe alifunika kichwa kwa khanga na kumpa mgongo.

Mbao ziling'olewa. Ndani, kwenye majani makavu, vilikuwa vigae vya sakafu vya bohari ya kambi, vipya, vinang'aa mpaka jua likarudi machoni mwa watu. Makasha yote kumi.

Meja alivitazama, kisha akapaza sauti ili wote wasikie: "Nani ameandika hapa vipuri? Mtunza bohari! Njoo hapa!"

Shemeji alikuja. Hakujitetea. Walimvua mkanda palepale, askari wawili wakamchukua, na alipopita karibu na Ratili alisema neno moja tu, "Asante," kama mtu anayetema ganda. Mama yake alipiga yowe. Alitaka kubaki, lakini meja hakutaka tena kumwona kambini, na akapandishwa ndege akisukumwa. Njia nzima alikaa mkabala na machela, akimwangalia dereva wa lori kana kwamba paja hilo lilivunjika makusudi.

Shemeji alikaa mahabusu siku kumi na nne na akavuliwa ukoplo. Meja alisema hakujua lolote, akapewa kambi nyingine yenye barabara nzuri. Dereva mguu wake ulipona. Hakuleta hata salamu. Ratili alipata barua ya onyo kwa kuchelewesha ndege na kumjibu mkubwa vibaya. Hawakumtoa kazini kwa sababu moja tu: mwenzake pekee aliyeijua kazi hiyo alikuwa masomoni.

Nyumbani waliitisha kikao. Mama mkwe, mawifi wawili, mjomba, na mume ameinamia kitambaa anachoshona, kana kwamba kikao kinahusu watu wengine.

"Uliujua mwandiko wa mwanangu?" mama aliuliza.

"Niliujua."

"Na ukavunja?"

"Ni sheria, mama."

"Sheria haijawahi kunipaulia nyumba," mama alisema, na kikao kikaishia hapo. Tangu siku hiyo alipotaka chumvi na Ratili ndiye aliye karibu nayo, alimwomba mtu aliye mbali.

Mume alisema usiku, "Ungefumba hata jicho moja." Ratili akazima taa.

Miezi saba baadaye shemeji alihamishwa kutoka milimani. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa ndege ileile. Alikuja uwanjani na begi la turubai, amekonda, begani hana alama. Ratili alimwonyesha mizani. Alipanda akitazama mbele.

"Sitini na moja," Ratili alisema, akaandika.

Ndani, shemeji hakujifunga mkanda. Ratili aliinama kumfunga.

"Usiniguse."

"Nitakugusa. Nisipokufunga haturuki."

Alimfunga, akakaza hadi ukabana, akarudi kwenye kiti chake cha kukunja, mabega yao yakikaribia kugusana. Injini zilipowaka, kelele zikajaa, kiasi kwamba abiria wengine hawakuweza kusikia kitu. Shemeji ndiye aliyeanza, akipiga kelele kwenye sikio lake.

"Ungeyashusha tu! Nimekaa siku kumi na nne nikiwaza hilo. Kwa nini uliyafungua? Usiniambie sheria!"

Ratili alitazama minyororo ya mizigo. Kikaoni alikuwa amesema sheria, kwa mume hakusema kitu. Alimwelekea sikioni.

"Nilikuwa na hasira! Meja alinitukana. Nilitaka aaibike. Wewe nilikuona, nikaendelea!"

Ndege iliachana na changarawe, korongo likapita chini yao. Shemeji alimtazama muda mrefu, kwa karibu, jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama tangu harusi.

"Afadhali," alisema. "Miezi yote hii nilikuwa nakuchukia bila kujua ninachukia nini."

Walipotua, alijifungua mkanda mwenyewe, akachukua begi, akashuka kwenye ulimi wa ndege bila kuaga, akaelekea kwenye lori lililomngoja. Ratili alibaki akikunja viti vya turubai kimoja kimoja, kisha akaenda kupima mzigo wa safari inayofuata, ambao ulikuwa mablanketi.