Programu Iliyokosa Watu

Mwaka 2009 Zadock alikuwa fundi wa kompyuta katika benki moja mjini Juba. Mkewe, Bilha, alibaki Kisumu akifundisha, naye Zadock aliishi peke yake katika chumba cha mabati mtaa wa Hai Mauna. Siku hizo mnara wa simu ukizima, na ulizima mara kwa mara, watu walibaki na simu mikononi zisizo na kazi.

Jioni zake zilikuwa ndefu, akazijaza kwa kutengeneza programu ya simu aliyoiita Pokezana. Haikuhitaji mnara. Ujumbe ulitoka kwenye simu yako kwa Bluetooth, ukaingia kwenye simu ya mtu aliyepita karibu, ukakaa humo umefungwa asiweze kuusoma, hadi apishane na mwingine, na mwingine, mpaka umfikie aliyeandikiwa. Aliijaribu kwa simu mbili, moja mezani na moja mlangoni. Ikakubali. Sasa alihitaji watu.

Akaenda mtaa wa Kator kwa Robinah, Mganda aliyekuwa akichaji simu za watu kwa jenereta.

"Nani mwingine iko nayo?" Robinah akauliza.

"Wewe utakuwa wa kwanza."

"Sasa mimi nitaandikia nani, Bwana Zadock?"

Alicheka, lakini akakubali kumsaidia. Aliyeleta simu kuchaji aliulizwa kama anataka programu, na wengi walitaka kwa kuwa ilikuwa ya bure. Wakifungua na kukuta hakuna wanayemjua humo, waliifuta. Wengine walilalamika kwamba inamaliza chaji. Wiyual, askari wa kambi ya Bilpam, alirudi amekasirika.

"Ujumbe wa mtu nisiyemjua unalala ndani ya simu yangu? Wakinikamata nayo nitasema nini?"

"Umefungwa, ndugu. Hata mimi siwezi kuusoma."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," Wiyual akasema, akasimama palepale mpaka ikafutwa.

Mara moja tu mambo yalichangamka. Mnara ulikaa kimya karibu wiki nzima, na watu wakajaa kwa Robinah wakiitaka Pokezana. Zadock alitembea mjini akiona ujumbe ukiingia na kutoka kwenye simu yake, akajihisi kama mwenyeji. Kisha mnara ukawaka, na watu wakarudia laini zao.

"Na wewe," Robinah alimwuliza siku alipokuwa akifunga mizigo yake kurudi Uganda, "wewe unaandikiaga nani humo?"

Zadock akainama kumsaidia kufunga mzigo. Tangu mwanzo alikuwa akijiandikia mwenyewe, kutoka simu moja kwenda nyingine.

Robinah alipoondoka hakubaki mtu wa kuieneza. Miezi ikapita. Jumapili moja, watu wakitoka misani katika kanisa la Mtakatifu Teresa, simu ya Zadock ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mtu ulikuwa umeingia, unapita. Akageuka huku na huku. Karibu na ukuta alikaa katekista mzee, Arkangelo, akiitazama simu yake na kutabasamu.

"Mzee, habari. Unatumia Pokezana?"

"Robinah aliniwekea. Naandikia binti yangu, Achok. Yeye iko Mauna, karibu na maseremala. Nikipiga simu, hashiki. Tuligombana juu ya bwana yake. Lakini hii haikatai. Ona, imeandika 'umefika'."

Zadock alilitazama neno hilo. Yeye ndiye aliyeliweka, kwa haraka, bila kulifikiria. Maana yake ilikuwa tu kwamba ujumbe umefika kwenye simu inayofuata.

"Mzee," akasema, "umefika kwangu tu."

Arkangelo akauliza, "Wewe unakaa wapi?"

"Mauna."

"Khalas, basi. Nenda nayo."

Zadock akaenda. Kwa maseremala alijifanya anachagua kitanda, akapapasa mbao, akauliza bei, akazunguka tena. Hakujua kama Achok bado alikuwa na programu. Alikuwa karibu kukata tamaa simu ilipotetemeka na ujumbe ukaondoka. Ng'ambo ya njia, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni alisimama mlangoni akisoma simu yake. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani. Zadock alitamani kumwambia neno, lakini hakuwa na neno lake mwenyewe la kumwambia.

Jumapili iliyofuata alimkuta mzee palepale.

"Amesoma?"

"Amesoma, mzee."

"Alicheka?"

"Hapana."

"Alilia?"

"Sikuona vizuri."

Arkangelo akatikisa kichwa polepole. Kisha akaanza kuandika ujumbe mwingine kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na Zadock akakaa kando yake kumsubiri.