Fundi wa Eriali

Huyu fundi wa eriali hapa Mitaboni huzungusha mlingoti polepole kama anakoroga uji, huku akiniuliza dirishani, akiniita mama kwa Kikamba, "Imeshika, mwaitu?" Utotoni mwake, Jumamosi asubuhi, ni yeye aliyeachwa nje kuzungusha eriali ya kwao. Ndugu zake waliona katuni, yeye akasikia vicheko tu.

Jumamosi hii wajukuu wangu walipojibu, "Imeshika!" nikamfokea, "Ingia basi, ama wewe ni kuku wa nje?" Akaketi sakafuni katikati yao, mikono yenye kutu magotini, mdomo wazi. Mara upepo ukavuma, picha ikapotea. Akainuka bila kuambiwa.

"Keti!" Nikajifunga leso, nikatoka, nikaukamata mlingoti. "Imeshika?"

Sauti yake ikawashinda watoto: "Imeshika, mwaitu! Usiguse tena!"