Bangili Sita za Saadani

Niliziona nikiwa na tonge la pilau mdomoni. Bi harusi alinyoosha mkono kupokea soda, mtandio ukarudi nyuma, na bangili zikajipanga mbele ya macho yangu: sita, zenye maua ya asumini, na ya mwisho imefungwa uzi mwekundu pale inapofungukia. Tonge lile nililimeza bila kulitafuna. Miaka tisa nilikuwa nimezihifadhi bangili hizo kama Alhamdu, na sikuwa nimepata kuziona hata siku moja.

Nilifundishwa kuzijua kituoni. Askari aliyetuandika maelezo alitusomea sifa zake mara nyingi, kwa sauti ileile: sita, maua ya asumini, moja parafujo yake imekufa, imefungwa uzi mwekundu. Kisha anauliza, "Mmeziweka wapi?" Sisi wanne tunajibu hatujui. Anaanza upya. Siku ya pili ningeweza kumsomea yeye.

Tulikuwa wachezaji wa netiboli wa chuo, na tulikuwa wazuri, niseme ukweli bila haya. Mimi nilikuwa mfungaji. Tulialikwa Saadani kucheza mechi ya kirafiki, wenyeji wakatugawa majumbani kulala. Sisi wanne tuliangukia nyumba yenye harusi. Raha iliyoje! Usiku wa hina tulipiga makofi uani, mbali na bi harusi, mpaka viganja vikawaka, asubuhi tukakuna nazi na kina mama, mchana tukaenda uwanjani. Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza kwa magoli kumi na moja pale gari la polisi lilipoingia hadi katikati ya uwanja. Mpaka leo linanikera kwamba mechi ile haikumalizika.

Bi harusi alikuwa amefungua kisanduku chake akakikuta kitupu. Alipiga ukelele mbele ya mawifi na mama mkwe wake, na wageni wasiojulikana ndani ya nyumba ile tulikuwa sisi wanne. Upande wa bwana harusi ndio waliopiga simu. Mikoba yetu ilipekuliwa hadi soksi. Tulilala kituoni siku mbili, halafu asubuhi moja askari yuleyule akatufungulia. Mlalamikaji, mama wa bi harusi, hakuja tena, alisema, na malalamiko yameondolewa. "Faili limefungwa. Nendeni mkacheze."

Tukacheze! Kuna mtu alikuwa ametupiga picha tukipanda gari la polisi na jezi zetu za bluu, namba mgongoni, na picha ikawa imeshazunguka kwenye simu za watu wote kuanzia Saadani mpaka mjini Bagamoyo. Faili lilipofungwa hakuna aliyepiga picha. Mechi ya kwanza baada ya hapo, kila nilipoinua mpira kufunga, watazamaji walitikisa vifundo vya mikono na kuimba, "Bangili! Bangili!" Nilikosa magoli manne mfululizo. La tano nilifunga, nikawageukia nikatikisa mkono wangu na mimi, mwamuzi akanitoa nje. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua.

Wenzangu watatu walihama, mmoja mmoja. Mimi nilibaki, nikawa mwalimu wa michezo shule ya msingi, na hasira zangu zikanitosha kuishi. Aliyeumia kweli ni Mama.

Kwetu, bi harusi akiingia kusingwa, kusuguliwa mwili kwa liwa ya msandali, huvua kila kitu cha dhahabu, na mwanamke mmoja anayeaminiwa hukaa na kisanduku mapajani mpaka bi harusi avalishwe tena. Haondoki, hali, hata simu hapokei. Mtaani kwetu mwanamke huyo alikuwa Mama tangu sijazaliwa. Watu waliahirisha kusinga hata akiwa na mafua, wamsubiri apone. Baada ya Saadani hakuitwa tena. Hakuna aliyemwambia kitu. Kadi za harusi zilikuja kama kawaida, ila kisanduku kilikaa mapajani mwa mwingine, na yeye alipopita kwenye mkeka kina mama walivuta mikono ndani ya khanga. Alikwenda harusi tatu za namna hiyo. Ya nne alisema miguu inamuuma. Miguu ilimuuma miaka yote tisa.

Kwa hiyo siku ile Mbegani, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, nilipouona ule uzi mwekundu nilitaka kupanda juu ya kiti nipige kelele. Mwanamke aliyekaa karibu na bi harusi aliniona nikikodoa macho, akanitambua, akamshusha bi harusi mkono wa gauni haraka haraka. Nilikaribia kucheka. Naangalia ushahidi wangu mwenyewe, na watu wanauficha nisiuibe!

Nilijizuia, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikahesabu kwamba bi harusi lazima abadilishe nguo kabla ya alasiri, na kama bangili ni za kuazima, mwenyewe lazima awe karibu azichukue. Nikajibanza kwenye foleni ya kunawa mikono, nikanawa mara tatu. Alipoingia chumbani kubadilisha, bibi mmoja mwenye khanga ya manjano aliingia nyuma yake na pochi inaning'inia mkononi. Alipotoka, pochi ameikumbatia kifuani. Alipanda bajaji, nami nikapanda nyingine. "Ifuate ile," nilimwambia dereva, "lakini usiipite." Mimi, mtuhumiwa wa zamani, leo askari kanzu!

Alishuka mjini, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Nilimwahi barazani kabla hajafungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi na jasho hilo?"

"Mbegani, bibi. Nimekufuata. Mimi ni mmoja wa wale wasichana wa bangili za Saadani."

Alinitazama, kisha akaitazama pochi yake. Niliona uso wake ukibadilika kabla hajaelewa vizuri, nikajua nimefika. Nikamtajia: sita, asumini, parafujo, uzi. Alikaa barazani palepale bila kutandika kitu.

"Hizi hazijapotea hata siku moja, mwanangu," alisema. "Nilizichukua mwenyewe."

Akanieleza kidogo kidogo, akikatiza kujifuta macho. Mama wa bi harusi wa Saadani ni shoga yake. Alikuja kumwazima dhahabu, wakweze wasije wakamwona bintiye mikono mitupu, wakakubaliana ni usiku wa hina tu, asubuhi zinarudi. Dhahabu ya kuazima ina adabu yake: ikivuliwa, mwenyewe anaichukua kimya kimya, na haisemwi, maana kusema ni kumvua nguo aliyeazima. Basi asubuhi bi harusi alipokuwa anaoga, bibi alizitoa kisandukuni, akazitia kwenye pochi na kuondoka na gari la kwanza kurudi Bagamoyo. Binti mwenyewe hakuwa ameambiwa kwamba si zake. Mama yake alipanga kumwambia asubuhi ileile, akazidiwa na masufuria, na alipotoka jikoni ukelele ulikuwa umeshapigwa mbele ya wakwe.

"Mimi nilisikia kuna wizi," bibi alisema. "Nilimuuliza. Akaniambia zilizoibwa ni nyingine, za upande wa mume. Nikampa pole! Wallahi nilimpa pole."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kwenda Saadani jioni ileile nikagonge mlango kwa mateke. Nilitaka kuwapigia wenzangu wote watatu kwa pamoja. Nilitaka kulia na nililia, kwa furaha na kwa ghadhabu, sijui ipi ilitangulia. Bibi alinishika mkono.

"Tulia. Wiki mbili zijazo namwoza mjukuu wangu. Yule wa Saadani atakuja, ni shoga yangu. Mwambie mama yako nitakuja kumwita mwenyewe."

Alikuja kweli, na halua kwenye sahani. Mama alimkaribisha vizuri, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Mimi miguu inaniuma." Bibi hakubishana. Alisema tu, "Tutakusubiri. Hatusingi mpaka ufike."

Asubuhi ya siku yenyewe nilidhani hatakwenda. Nilikuwa nimevaa tangu alfajiri, natembea ukumbini. Saa nne akatoka chumbani na khanga mpya, mikono ameifukiza udi. "Unasubiri nini?" akaniuliza. Tuliteremka barabarani nikimshika mkono, na miguu ile iliyouma miaka tisa nilikuwa nakimbia kuifuata.

Nyumba ilijaa. Bi harusi alikuwa ameketi kwenye mkeka, liwa imeshasagwa imeanza kukauka kwenye bakuli, na hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanasubiri kweli. Tulipoingia niliona mikono ikijongea kuelekea ndani ya khanga, kama zamani, na damu ikanichemka. Bibi akasimama. Bangili alikuwa amezivaa mwenyewe, zote sita, mchana kweupe.

"Hizi," alisema, "ndizo zilizotafutwa Saadani. Zilikuwa kabatini kwangu. Niliziazimisha, nikazichukua, na watoto wa watu wakalala kituoni. Aliyeziazima yumo humu. Kama ana neno, aliseme."

Pembeni ya dirisha mwanamke mmoja mnene aliinamisha kichwa. Hata mimi sikuhitaji kuonyeshwa. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia aliyetuponza kwa miaka tisa, mengine mabaya sana, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Niliona haya," mwanamke yule alisema. "Wakwe walikuwa wamesimama pale. Niliona haya, basi. Nikaacha kwenda polisi, nikasema faili likifungwa yataisha."

"Hayakuisha," Mama alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya kuagizia chumvi. Bibi akaanza kuvua bangili, bi harusi naye akavua za kwake, zikaingia zote kisandukuni, na bibi akampelekea Mama alipokaa. "Nishikie, mwenzangu," alisema.

Mama hakukipokea. Aliweka mikono juu ya magoti, wazi, viganja juu, akamgeukia mwanamke wa dirishani.

"Njoo uzihesabu wewe," alimwambia. "Zile sita. Hesabu kwa sauti, ndiyo nizishike."

Mwanamke alikuja. Alipiga magoti mkekani, akazitoa moja moja akaziweka mapajani mwa Mama. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika ya uzi mwekundu sauti ilikuwa imemkauka, na kina mama waliokuwa nyuma yake, mmoja kisha wote, wakaisema badala yake.

"Sita."

"Zimetimia?" Mama aliuliza.

"Zimetimia."

Ndipo Mama akazirudisha, akafunga kisanduku, akakivuta tumboni. "Msingeni mtoto," alisema, "liwa inakauka."