Chungu cha Mchwa

Nakumbuka siku moja, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kimeingia, kuku wangu mweusi alipotaka kuatamia, akakataa kutoka kiotani. Nilikuwa mke mgeni hapa Nzuguni, na mume wangu alikuwa amekwenda kubeba mataruma kwenye reli ya Mjerumani. Kuku yule ndiye aliyekuwa mali yangu pekee, mjukuu wangu. Kwa pupa nikamwekea mayai yote niliyokuwa nayo, nikaanza kuimba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mama mkwe akaingia, akainama kutazama.

“Vifaranga wakitoka watakula nini?”

“Watachakura na mama yao.”

“Ardhi hii? Hata jembe linaikataa.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, maana yeye alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka uone aibu mwenyewe. Alinituma nilete chungu kilichopasuka. Tukakijaza samadi kavu na mabua ya uwele, tukanyunyiza maji, tukakifudikiza juu ya tundu la mchwa nyuma ya nyumba yetu ya tembe, ili mchwa wapande humo kula.

“Mchwa hawaitwi siku ya njaa,” alisema.

Kisha akanifundisha kusuka tenga la kuwafunikia vifaranga, kwa kuwa mwewe wa huku hawana haya. Nilisuka vibaya sana. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kucheka akaniwekea mkono tumboni. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

“Huyu naye atakuja mvua zikianza, ghala likiwa tupu,” alisema. “Wangu wa kwanza alikuja majira hayo hayo. Sikuwa nimeweka kitu. Maziwa hayakutoka, mwanangu, na mtoto hakukaa.”

Nililia, naye akanifuta machozi kwa mkono ule ule wa samadi.

Vifaranga walipototolewa, chungu kilikuwa kimejaa mchwa, tukawamwagia wakala wakashiba. Mwewe alichukua mmoja tu, tukamsamehe. Mvua zilipoanza nikajifungua mtoto wa kiume. Mama mkwe alichinja jogoo wa kwanza, akanipikia mchuzi, akasimama mlangoni mpaka nikaumaliza. Maziwa yalitoka hata yakalowesha nguo. Siku hiyo aliyelia ni yeye.

Mtoto yule ndiye baba yako.

Sasa wewe nakuona siku hizi unawatazama sana kuku wangu, na asubuhi uji unakushinda. Usidhani macho yangu yamezeeka kiasi hicho. Nisikilize basi. Furaha haikatazwi, ila itanguliwe na kazi. Kabla ya kuweka mayai, ujue vifaranga watakula nini na watajificha wapi. Na mwanao mfanyie vivyo hivyo, kabla hajakulilia. Akiba haiozi.

Mungu akupe maziwa tele, na mwewe asione mlango wako. Chungu kiko nyuma ya nyumba, nilikifudikiza jana.