Nilivyompiga Picha Bosi Nikiwa na Dagaa Mdomoni

Kuna akina mama pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa wanapoanika dagaa, ambao mpaka leo wakiniona wananirushia dagaa mmoja na kusema "daka!", na mimi nacheka nao tu, maana nikianza kujieleza aibu inaongezeka badala ya kupungua.

Nilikuwa nimepata kibarua kwenye studio ya picha pale Mirongo, mimi niliyeacha shule darasa la sita na kupita kila kazi (kubeba mizigo, kuziba pancha, kuuza miwa Kisesa) bila kudumu hata moja, na hii ndiyo ya kwanza niliyoipenda mpaka nikaiota. Tatizo likawa Bosi. Bosi ni mbwa mweusi tii wa Mama Kemilembe, nesi mstaafu, mama wa Kihaya asiyebembelezwa, ambaye alitaka picha nzuri ya mbwa wake aliyezeeka aiweke ukutani. Nilimpiga Bosi picha saa sita mchana, mbele ya geti jeusi, nikiwa nimesimama. Mama akaitazama picha ile, kisha akamuuliza fundi Masalu, mwenye studio, "Hili gunia la mkaa lenye macho ni la nani?"

Fundi hakunifukuza. Alisema, "Rudia. Akikataa na hiyo, katafute miwa yako."

Nikamganda kwa maswali mpaka akachoka. Akaniambia mbwa mweusi mtafutie rangi nyepesi nyuma yake, usimpige jua likiwa utosini, na ushuke chini mpaka macho yako yalingane na yake. Rangi nyepesi! Nikakumbuka mwaloni, dagaa walivyoanikwa kwenye nyavu, ufukwe mzima unang'aa kama bati jipya. Asubuhi nikamwomba mama yule mbwa wake, nikamketisha kwenye kinjia kati ya nyavu mbili, nami nikalala kifudifudi mbele yake na kamera.

Bosi akatazama ziwa, akatazama korongo waliotua majini, akatazama kila kitu isipokuwa mimi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo: mikono yote ilikuwa kwenye kamera, basi nikamwokota dagaa mmoja kwa midomo na kumng'ata mkia, aning'inie. Masikio ya Bosi yakasimama wima!

Nyuma yangu nikasikia mmoja wa akina mama wa dagaa, "Jamani njooni muone! Mbwa katulia, mtu ndiye anakula dagaa!"

Ningeinuka pale pale yangeisha. Lakini masikio yale! Nikasema "subirini", ila kwa dagaa mdomoni ikatoka "hu-hi-hi-ni".

"Anabweka!" akapiga kelele mwingine.

Watu wakajaa, na katikati yao ikaja sauti ninayoifahamu. "Wewe kijana, unamfanya nini mbwa wangu?" Mama Kemilembe. Mimi nimelelewa, mkubwa huamkiwa kwanza, nikafungua mdomo nimpe shikamoo. Bosi hakungoja. Akapita juu ya wavu, akamnyakua dagaa midomoni mwangu, akanilamba uso mzima, kisha akarudi kugaagaa juu ya dagaa wa watu.

"Shikamoo yako imeliwa na mbwa," akasema Mama Kemilembe.

Mwenye dagaa, Mama Minza, hakutaka maneno. "Hao waliolaliwa utawaosha na kuwaanika upya. Wengine utawageuza mpaka jioni."

Nikatazama njia ya kutokea (sifichi, miguu yangu ina mazoea hayo). Mama Kemilembe akaniona. Akageuza ndoo, akaikalia, Bosi miguuni pake. "Nakaa hapa nione kama kuna kitu unajua kukimaliza."

Nikageuza dagaa mpaka mgongo ukawaka. Kwenye saa kumi jua likainama, mwanga ukagonga dagaa na kurudi juu, ukamwangaza Bosi kutoka chini, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba si mweusi tu: kifuani ana kahawia, na kwenye pua ana nywele nyeupe.

"Mama Minza, naomba nipige moja tu."

"Piga. Lakini mdomo mtupu!"

Nikapiga magoti. Bosi akatazama ziwa.

"Si umwite," Mama Kemilembe akasema. "Ana jina."

Siku zote zile sikuwahi kumwita. "Bosi," nikasema taratibu, naye akageuka.

Kesho yake, studio, mama yule alipitisha kidole kwenye ile picha polepole. "Kumbe mwanangu ameota mvi," akasema, akaikumbatia kifuani na kuondoka nayo. Fundi Masalu akanikabidhi kamera, akasema kuna mtu wa Mabatini ana mbwa wawili, weupe.

Nilienda. Bado nipo studio. Ila niliapa: kinywani mwangu hakiingii tena kitu kitakachonizuia kumwamkia mtu.