Baba Alipoanza Kunenepa

Naikumbuka, mwanangu, ile Jumapili wanawake wa kanisa walipotujia nyumbani Ruiri na vikapu vya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na vibuyu vya uji. Siku chache kabla, baba yangu alikuwa ametoka hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, akiwa amekonda hadi mshipi wake ukatobolewa tundu jipya. Kwetu mgonjwa hulishwa mpaka mwili urudi, kisha watu humshukuru Mungu kwa sauti.

"Mzee, umenona! Bwana asifiwe!" wakasema wale wanawake.

Kweli alikuwa amejaa. Kwa siku hizo chache tu mshipi ulikuwa umerudi kwenye tundu la zamani. Baba akacheka, akaitisha bakuli la pili. Mimi, msichana wa shule, nilifurahi nikaimba na wageni.

Mama hakuimba. Walipoondoka alipiga magoti, akambonyeza baba mguu kwa kidole gumba. Alipokiinua, shimo lilibaki. Niliingiwa na hofu.

"Baba Kanana, hii si nyama," akasema, akimwita kwa jina langu. "Na siku hizi unalala umekaa kwa kiti. Twende hospitali."

"Watu wote wameona nimepona, wewe pekee ndio unataka nikonde?"

"Afadhali ukonde nikikuona uko hai."

Jirani alitupeleka kwa pikapu, baba akihema njia nzima, mimi nikihesabu pumzi zake nikiogopa kwamba itakayofuata haitakuja. Daktari alisema ni maji: moyo umechoka kusukuma damu, maji yanabaki mwilini.

Walimpa dawa za kuyatoa maji hayo, akarudi nyumbani mwembamba kama awali. Majirani wakanong'ona kwamba mama anamnyima chakula. Iliniuma sana, lakini kila asubuhi mama alimpandisha kwenye mizani kabla ya chai, aone kama maji yamerudi. Baba aliishi hadi akanisindikiza kanisani siku ya harusi yangu, mshipi ukiwa kwenye lile tundu jipya.

Kwa hiyo, mwanangu, mgonjwa wa moyo usimpime kwa macho ya wageni. Uzito ukipanda ghafla, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, usingoje kesho. Na akizidi kukonda bila sababu, usishangilie eti mafuta yamepungua. Hiyo pia ni hatari. Mpeleke kwa daktari.

Mungu akupe jicho la mama yangu, na umpendaye akae nawe mezani miaka mingi, awe mnene au mwembamba.